Pakiti imevimba Kitonga, mtungi umelegea Makete: tunavyozisoma gesi vibaya

Basi likimaliza kona za mlima Kitonga, njia ya kupanda Iringa, hakosi abiria mwenye pakiti ya krispi aliyoinunua Morogoro, sasa imetuna kama puto. Jirani yake humwonya: usile, imeharibika. Haijaharibika. Hewa iliyofungiwa ndani ni ileile, kilichopungua ni mgandamizo wa nje. Pwani hewa hutugandamiza kwa kilopaskali 101 hivi, Iringa mjini kwa 84 hivi. Mwanasayansi Robert Boyle alieleza uhusiano huo mwaka 1662: joto lisipobadilika, mgandamizo ukipungua, ujazo huongezeka kwa uwiano uleule. Lita moja ya hewa ya Dar es Salaam, ikiachwa itanuke itakavyo, ingefika Iringa ikiwa lita 1.2. Ukitaka kuona upande wa pili, maliza maji yako Mbeya, funga chupa vizuri, shuka nayo hadi Dar. Itafika imebonyea. (Kopo la bati lililovimba ni habari nyingine. Hilo tupa.)

“Wamenipunja gesi”

Lawama hii naisikia kila Juni na Julai, miezi ya baridi kwetu nyanda za juu kama Makete. Mtungi wa kilo 6, kichomeo kikiwa juu yake, asubuhi unatoa mwali mdogo unaosinzia. Mchana mwali unarudi, na mwenye mtungi anabaki ameshamlaumu muuzaji.

Kosa ni kuufikiria mtungi kama tairi, kwamba kadiri gesi inavyotoka ndivyo nguvu inavyopungua. Ndani ya mtungi wa kupikia kuna kimiminika, mchanganyiko wa propani na butani, na juu yake ndipo gesi ilipo. Ukitumia gesi, kimiminika kinavukiza nyingine kujaza pengo. Kwa hiyo maadamu kimiminika kipo, nguvu ya mtungi inafuata zaidi joto lake kuliko kiasi kilichobaki. Butani yenyewe, kwenye nyuzi 10, husukuma kwa karibu nusu tu ya nguvu yake ya nyuzi 30. Na kule kuvukiza kunaupoza mtungi zaidi, ndiyo maana ukipika muda mrefu unaona umetoa jasho.

Ukishuku kupunjwa, tumia mizani. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe. Toa huo kwenye uzito wote. Usiusogeze mtungi karibu na moto ili “uchangamke”. Nimeona watu wakifanya hivyo na moyo ukanienda mbio.

“Nyuzi 10 hadi 20, hewa imetanuka maradufu”

Hili ni la wanafunzi wangu. Kanuni ya Charles, ambayo mwanasayansi Gay-Lussac aliichapisha mwaka 1802, husema ujazo wa gesi hukua kwa uwiano wa joto lake, mgandamizo usipobadilika. Lakini inataka joto la Kelvini, yaani nyuzi za Selsiasi ukijumlisha 273, na kwa Kelvini hapo tumetoka 283 kwenda 293. Hewa imeongezeka kwa asilimia 3.5 tu.

“Mkaa ukishakolea hauna sumu”

Hapa naomba tusiharakishe, kwa sababu baridi yetu ya Uporoto, Makete na Njombe inawafanya watu walale na jiko ndani. Mkaa mwekundu usiotoa moshi bado unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni.

Wengine huniambia gesi hiyo ni nzito, inabaki sakafuni, aliye kitandani yuko salama. Nadhani wanaichanganya na hewa ukaa (kaboni dioksaidi), ile inayotoka ardhini Rungwe na kuvunwa kibiashara. Hiyo kweli ni nzito, na hewa ikitulia hulala mabondeni. Kaboni monoksaidi ni nyepesi kidogo kuliko hewa, uwiano wa 28 kwa 29. Tena inatoka jikoni ikiwa na joto, inapanda, inasambaa. Tabia ya gesi yoyote ni kuenea chombo chote ilimo, na usiku ule chombo ni chumba chako.

Ndoo ya maji, ambayo wengine huiweka chumbani ili inyonye sumu, nayo haisaidii. Chumba cha mita 3 kwa 3, kimo mita 2.5, kina lita 22,500 za hewa. Hata kingejaa gesi hiyo tupu, ndoo ya lita 20 isingenyonya hata lita moja. Mshumaa unaowashwa ili uzimike hewa ikiwa mbaya pia haukuonyi: unaendelea kuwaka huku watu wakilewa.

Jiko litoke nje kabla ya mtu kulala, hata kama makaa yamebaki machache. Na mkiamka mmoja wenu akalalamika kichwa kizito, kizunguzungu au kichefuchefu, mtoeni nje kwenye hewa kwanza, kisha hospitali, na muwaeleze kwamba mlilala na mkaa.