“Stenlesi haishiki kutu” na dhana nyingine zinazoangusha milingoti ya boti za zamani

Kuna kauli moja ambayo fundi wa boti za matanga huisikia kila msimu, tena kutoka kwa watu ambao katika mambo mengine ni waangalifu sana: “Hizo ni stenlesi, hazishiki kutu, ziache.” Husemwa kuhusu nyaya za mlingoti, kuhusu bolti, na zaidi ya vyote kuhusu chenipleti, ule ubapa wa chuma unaoshika waya wa mlingoti, unaotoboa deki na kufungwa kwa bolti kwenye ukuta wa plaiwudi ndani ya kabini. Boti zenyewe ni za faibaglasi za miaka ya 1970 na 1980, zile unazoziona zimetia nanga Kilifi, Mtwapa, Tanga au Msasani, na nyingi bado zina chenipleti zilizotoka nazo kiwandani. Chuma kinachoshika mlingoti mzima kimekaa miaka 40 ndani ya deki bila kutazamwa, na mwenye boti analala usingizi kwa sababu ameambiwa ni stenlesi.

Stenlesi inashika kutu. Kinachoikinga ni utando mwembamba mno wa oksidi ya kromi, usioonekana kwa macho, unaojijenga kila chuma kinapokutana na oksijeni. Ukiukwaruza hewani, unajirudisha. Ukiukwaruza mahali pasipo na hewa, haurudi. Chuma hiki kinaishi kwa kupumua.

Sasa fikiria chenipleti pale inapopita kwenye unene wa deki. Silanti (dawa ya kuziba maji) ya zamani imekauka na kuachana na chuma, pengine kwa upana wa unywele tu. Maji ya chumvi yanaingia, yanalowesha plaiwudi na ile balsa, mbao nyepesi iliyo katikati ya deki, na yanakaa humo mwezi hata mwezi. Oksijeni iliyokuwamo ndani ya maji hayo inaisha. Utando ukipasuka, hakuna cha kuuziba. Kloridi inajikusanya kwenye kishimo, maji ya mle yanageuka tindikali, na kishimo kinachimba kwenda ndani badala ya kusambaa juu. Ukitazama juu ya deki, chuma kinang'aa. Ukitazama kabini, kinang'aa. Zile sentimita 2 au 3 zilizojificha katikati ndizo zimeoza kama jino linaloliwa kwa ndani. Na bahari yetu ina joto la nyuzi 25 hadi 30 mwaka mzima, kwa hiyo kazi hiyo huku inakwenda mbio kuliko kwenye maji baridi ya Ulaya, ambako nyingi ya boti hizi ziliundwa.

Kinachosikitisha ni kwamba watu wanaogopa kutu isiyo na madhara na kuipuuza inayoua. Mwenye boti akiona rangi ya chai kwenye reli ya omo, mbele ya boti, anaisugua Jumamosi nzima. Kutu ile iko hewani, ni ya juu juu, inatoka kwa kitambaa na dawa ya kung'arishia. Akiona mchirizi wa kahawia kwenye ukuta wa kabini, chini ya chenipleti, anaupaka rangi. Mchirizi huo ndio wa kukuamsha usiku. Maana yake maji yamepita, na chuma tayari kinaliwa. (Na unaposugua hiyo reli, weka mbali brashi ya waya na stili wulu. Chembe za chuma cha kawaida zinabaki juu ya stenlesi, na wiki ijayo zenyewe ndizo zitakazoshika kutu.)

Wengine hujibu kwa namba: “Zangu ni 316.” Vizuri. 316 ni aina ya stenlesi yenye molibdeni asilimia 2 hadi 3, ambayo aina ya kawaida, 304, haina, na inavumilia kloridi zaidi. Kuvumilia si kushinda. Ndani ya deki lililolowa itapita njia ile ile, ila itachelewa kufika. Sumaku nayo haitakutenganishia 304 na 316, hata uambiwe vipi dukani. Dai kwa muuzaji cheti kinachoonyesha aina ya chuma.

Chenipleti haikaguliwi bila kuchomolewa. Tochi haitoshi, kuigonga kwa nyundo hakutoshi. Wala huna haja ya kushusha mlingoti. Chagua asubuhi tulivu, fanya moja kisha nyingine, kamwe usilegeze mbili kwa pamoja. Chukua henza (kamba ya kupandishia) ya tanga kuu, ifunge mahali imara ubavuni upande ule ule, uikaze kwa winchi mpaka ibebe mzigo. Legeza tanbakeli, kile kikazio cha waya, ukihesabu mizunguko na uiandike, ili waya urudi na mkazo wake. Kisha fungua nati, toa bolti, uchomoe ubapa.

Uoshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ondoa silanti yote, halafu utazame kwa lenzi inayokuza mara 10. Anza na ule mstari uliokuwa ndani ya deki, kisha kingo za matundu ya bolti. Vishimo vyeusi vidogo kama tundu la sindano ni dalili mbaya, kwa maana mdomo wake ni mdogo kuliko tumbo lake. Nyufa nyingi hazionekani hata kwa lenzi, kwa hiyo nunua dawa ya kupimia nyufa, ile ya makopo matatu. Safisha kwa kopo la kwanza. Pulizia rangi nyekundu, subiri dakika 10 hadi 20. Futa rangi kwa kitambaa kilicholoweshwa kisafishio, usikipulize moja kwa moja kwenye chuma, utaiosha hata rangi iliyoingia ufani. Mwisho pulizia dawa nyeupe usubiri. Kama kuna ufa, utajichora mwenyewe, uzi mwekundu juu ya weupe. Ukiuona, hata uwe wa milimita 3, ubapa huo umekwisha. Usimpelekee mchomeleaji, joto la weldi litadhoofisha chuma kandokando na ufa utarudi hapo pembeni.

Ubapa mpya ukatwe kwa 316 ya unene ule ule au zaidi. Kingo zilainishwe, uso ung'arishwe mpaka uwe kama kioo, kwa sababu uso laini haushiki chumvi. Bolti nazo ziwe mpya. Bolti iliyokaa miaka kwenye plaiwudi iliyolowa imeliwa shingoni, na kichwa chake kitakuwa kizuri kabisa.

Kisha deki. Hapa ndipo watu huharibu kazi yote kwa kopo la silikoni, na ni afadhali niseme wazi: silikoni haina kazi kwenye chenipleti. Inaachia chuma kinapocheza, na ikishagusa faibaglasi inaacha mafuta ambayo hakuna silanti nyingine itakayoshika juu yake mpaka usage kwa msasa. Kwangura balsa iliyolowa kuzunguka tundu, sentimita 2 au 3 kwenda ndani (msumari uliopindwa na kufungwa kwenye drili unafanya kazi hiyo vizuri). Acha pakauke hasa, si kwa siku moja. Jaza epoksi iliyokorezwa kwa unga wa silika, igande, ndipo ukate upya tundu la ubapa ndani ya epoksi hiyo. Maji yakivuja tena siku za usoni, hayatakuta mbao. Chonga kingo za juu za tundu ziwe mteremko kidogo, zungushia ubapa utepe wa butili, raba laini inayonata, weka kifuniko cha chenipleti, kaza kidogo. Kesho kaza tena, keshokutwa tena. Butili inasogea polepole. Ukiikaza yote kwa mara moja unaikamua nje na kubaki huna kitu.

Nyaya zenyewe zinakufa kwa ugonjwa huo huo. Waya wa mlingoti una nyuzi 19, na pale unapoingia kwenye kichwa (kishikizo cha ncha yake) kilichobanwa kwa mashine kuna upenyo. Maji hushuka na waya na kutuama kwenye kichwa cha chini, kwa hiyo anzia kukagua huko. Tafuta mstari wa kutu unaotoka mdomoni, ufa wa urefu kwenye kichwa, au kichwa kilichopinda kidogo kama ndizi. Pitisha pamba kavu juu ya waya wote; palipokatika uzi, pamba itanasa. Uzi mmoja kati ya 19 unaonekana mdogo, asilimia 5 tu, lakini nyuzi zilizobaki zina umri ule ule na zimebeba mizigo ile ile. Badilisha waya huo pamoja na mwenzake wa upande wa pili. Kwa maji yetu, miaka 10 ikifika mimi nasema badilisha zote hata kama zinapendeza. Ukitumia vichwa vya kufungwa kwa mkono, kama Sta-Lok, unaweza kuvifungua na kuvikagua ndani, na mara nyingine utabadilisha koni ya ndani tu. Kwa boti inayokaa mbali na mashine ya kubania, hivyo ndivyo ningechagua.

Nahodha wa jahazi habishani juu ya kamba. Ikichakaa anaiona, anaibadilisha. Stenlesi imetunyima hiyo bahati ya kuona, na ndiyo maana inadai ukaguzi zaidi, wala si pungufu. Kwa sababu hiyo hiyo toa ule utepe mnene uliozungushiwa tanbakeli. Unafungia chumvi ndani na kufungia hewa nje. Inatosha kuzifunika ncha za spliti pini (pini za kuzuia tanbakeli isijifungue) zisichane tanga. Na zile nyaya za kingo za deki zilizovikwa plastiki nyeupe, zing'oe uweke nyaya tupu.

“Lakini boti haisafiri, iko kwenye boya tu.” Kwenye boya wakati wa kusi inayumba usiku na mchana. Kila myumbo unavuta waya na kuulegeza. Chuma kinachovutwa na kulegezwa kinachoka, safari au hapana safari.

“Zinki yangu haijaliwa hata kidogo, iko vizuri.” Zinki, kile kipande kinachofungwa kwenye shafti, isipoliwa haifanyi kazi. Kazi yake ni kuliwa badala ya shafti na rafadha. Ama imepakwa rangi, ama imefungwa juu ya kutu na haigusani na chuma. Weka mita ya umeme kwenye omu (kipimo cha ukinzani), ncha moja kwenye zinki na nyingine kwenye shafti: isomeke chini ya omu 1. Ikizidi, fungua, sugua mpaka chuma king'ae, funga tena. Badilisha ikifika nusu.

“Kila wiki naiwasha injini dakika kumi, inajichaji.” Hiyo ni kuiua taratibu. Dizeli inayozunguka tupu haipati moto. Masizi yanaganda kwenye vali na kiwiko cha ekzosi, na kuta za silinda zinakuwa kama kioo, zinaanza kula oili. Ukiiwasha, tia gia ukiwa umefungwa imara, ipe mzigo, mpaka ifikie joto lake la kazi na ikae hapo nusu saa.

“Impela inatoa maji, ya nini kuifungua?” Kwa sababu impela ni gurudumu la raba linalosukuma maji ya kupozea injini, na mabawa yake hupasuka mizizini kabla hayajakatika. Ibadilishe kila mwaka. Ukikuta bawa limekatika, kazi haijaisha mpaka upate kipande chenyewe, na kwa kawaida kimekwama kwenye mdomo wa kipozeo. Unapofunga mpya ipake gliserini au sabuni ya maji. Grisi inaharibu raba.

“Betri inasoma 12, ina nusu.” Betri ya risasi iliyopumzika saa kadhaa ikisoma volti 12.0 imebakiwa na kama robo. Nusu ni 12.2, na iliyojaa ni 12.7. Ukiishusha chini ya nusu kila usiku, haitamaliza msimu wa pili.

La mwisho ni vali ya tundu la maji chini ya boti, ndogo kwa bei na inazamisha boti: “Vali ni vali, hii ya dukani ni shaba vilevile.” Vali za mabomba ya nyumba ni za brasi, shaba iliyochanganywa na zinki. Maji ya bahari huinyonya zinki na kuacha shaba tupu, laini kama sponji, yenye umbo lile lile la vali. Ikwangue kwa kisu. Brasi nzima inang'aa njano. Iliyonyonywa ni ya waridi, na ukiigonga haitoi mlio. Chini ya mstari wa maji weka bronzi au vali za plastiki zilizotengenezwa kwa ajili ya boti. Mpira wa maji ufungwe kwa klipu mbili za stenlesi, nazo uzikague kwa kuzizungusha, kwani zinakatikia pale kwenye skrubu, upande usiouona. Na kila vali ifungiwe kwa uzi kizibo cha mti laini chenye ukubwa wake, kikining'inia hapo hapo ilipo vali, si ndani ya sanduku la vifaa chini ya kitanda.