Mlinda lango wa habari ni nani hasa

Nilipomwambia mdogo wangu kwamba research yangu ya masta ya mawasiliano inahusu walinda lango wa habari, yaani watu wanaoamua habari ipi itoke na ipi ibaki, akaniuliza kama nitawahoji makipa wa Dodoma Jiji. Nilicheka, ila hakukosea sana, maana wote wanakaa mahali kitu kinapopita, tofauti ni kwamba kipa hataki kipite chochote.

Dhana yenyewe wala haikuanzia kwenye gazeti, ilianzia jikoni. Kurt Lewin, mwanasaikolojia aliyehama Ujerumani akaenda Marekani, kipindi cha vita vya pili vya dunia alikuwa anachunguza kwa nini familia zinakula kile zinachokula, akaona chakula hakijileti chenyewe mezani, kinapita njia, na kila hatua kuna mtu anaamua hiki twende nacho hiki kibaki, na mara nyingi huyo mtu ni mama mwenye nyumba. Si unajua, mama akirudi na mlenda kutoka soko la Majengo basi leo ni ugali mlenda, we uliyekuwa unawaza pilau utajijua. Lewin akasema hata habari zinasafiri hivyohivyo.

Mwaka 1950 David Manning White akaileta kwenye uandishi wa habari. Alimpata mhariri wa gazeti moja Marekani, akampa jina la bandia Mr. Gates, akamuomba kwa wiki nzima atunze kila habari iliyotumwa na mashirika ya habari aliyoikataa na aandike kwa nini. Karibu 9 ya 10 ya zilizoingia hazikutoka! Sababu? Nafasi hakuna, imechelewa, na nyingine basi tu, jamaa hapendi habari za watu kujiua. Baadaye, 1956, Walter Gieber akaangalia wahariri 16 kule Wisconsin akakuta wengi hata hawachagui kivile, wanakimbizana na muda na ukubwa wa ukurasa. Mi hapa niko upande wa Gieber, watu wanapenda kudhani mlinda lango ni bosi mbaya mwenye ajenda zake, kumbe mara nyingi lango lenyewe ni saa ya ukutani.

Kuna redio moja hapa mjini nilikaa nayo chumba cha habari. Mwandishi karudi kutoka Chamwino viatu vyote vumbi, ana stori ya kisima kilichoharibika na sauti za wakinamama kabisa, ila siku hiyo Bunge linaendelea, taarifa ya saa saba ina dakika chache, mhariri akasikiliza sekunde kama 20 hivi akasema "hii kesho". Kesho yake hakuna aliyeikumbuka. Hakuna aliyeizuia kwa chuki, ila haikupita.

Sasa hapo ndipo wanafunzi wengi tunapotereza, mimi wa kwanza. Proposo yangu ilihesabu habari zilizorushwa tu, supavaiza akazungushia kwa peni nyekundu akaandika "zilizokataliwa ziko wapi?" Kweli bwana, lango huwezi kulijua kwa kuangalia waliopita peke yao. Shida chumba cha habari hakitunzi zilizokataliwa, faili linafutwa jioni maisha yanaendelea. Kilichoniokoa ni grupu lao la WhatsApp, mle kila mwandishi anatupia stori yake asubuhi, kwa hiyo kwa ruhusa yao nachukua zilizotupiwa nalinganisha na zilizosomwa hewani, halafu nabaki na zile ambazo hazikusomwa, na hizo ndo naenda kumuuliza mhariri moja moja akiwa anakunywa chai.