Chini ya Theluji Kuna Uhai

Wazazi wengi huamini kwamba majira ya baridi hulaza viumbe vyote, hivyo mtoto hana cha kujifunza nje. Si kweli. Theluji mpya imejaa hewa, na hewa hiyo huzuia joto la ardhi lisipotee. Ndiyo maana, hata baridi ya hewa iliyo juu ya theluji ikifika nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri, ardhi iliyofunikwa na theluji nene huweza kubaki karibu na nyuzi 0, na panya wadogo wakaendelea kupita chini ya theluji hiyo wakitafuta chakula. Mvalishe mtoto vizuri, mpe lenzi na kitambaa cheusi kilichopoa nje, adake chembe zinazoanguka: nyingine zitamwonyesha ncha sita. Akikuta nyayo zinazoishia kwenye kitundu, usikimbilie kumweleza. Mwulize anadhani mnyama amekwenda wapi.