Hamna kitu nayo ni majibu: maswali ya kila siku pale dirisha la maabara

Haya ni maswali tunayoulizwa kila siku kupitia kile kidirisha cha kupokelea sampuli, mengi yanakuja na hasira kidogo na mengine hasira yake ni halali kabisa. Nayajibu kama ninavyojibu pale pale, ila hapa hakuna foleni nyuma yako kwahiyo nitajieleza zaidi.

Leo homa siku ya tatu, nimepima malaria mnasema hamna kitu. Sasa hii homa inatoka wapi, au kipimo chenu kibovu?

Kipimo kinaweza kukosa ndio, hasa kama wadudu bado wachache sana au kama ulishameza vidonge viwili vitatu alivyobakiza kaka yako kabla hujaja (wengi mnafanya hivi alafu hamsemi), ndo maana dalili zikiendelea tunakwambia rudi upime tena. Lakini mara nyingi maelezo ni mepesi zaidi: huna malaria, una kitu kingine. Zamani kila homa ilikuwa malaria, mtu anapewa dawa bila kupimwa, wengine wanapona kwasababu homa yenyewe ilikuwa ya kuisha tu, wengine wanaondoka na nimonia huku wanameza dawa za malaria. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linataka kila anayehisiwa malaria apimwe kwanza ndo apewe dawa.

Kwahiyo "hamna kitu" maana yake ni wadudu wa malaria hatujawaona, haina maana huumwi. Kosa kubwa ni mtu kuichukua ile karatasi akatoka nayo getini moja kwa moja mpaka duka la dawa. Irudishe kwa daktari, ndo inamwambia aangalie upande mwingine. Na kuna faida ambayo wewe mgonjwa huioni: Dar es Salaam ilipopigwa na dengue 2014 na tena 2019, watu walikuwa wanakuja na homa kali, macho yanauma kwa nyuma, viungo vinakatika, malaria negativu. Mmoja akiwa hivyo ni bahati mbaya yake, ila wakiwa kumi kwa wiki moja kutoka mtaa mmoja hapo kuna jambo. Sasa kama wote wangeandikiwa malaria bila kupimwa nani angejua?

Nimekutwa na wadudu wawili. Wawili tu si kidogo, lazima nimalize dozi?

Hao wawili sio kwamba tumewahesabu mwili mzima jamani. Tunachofanya ni hivi, tone la damu linapakwa kwenye kioo, linakaushwa, linapigwa rangi ya Giemsa, kisha unaweka mafuta kidogo na kuangalia kwa lensi kubwa, uwanja baada ya uwanja, mkono mmoja unahesabu seli nyeupe mwingine unahesabu wadudu. Ukifika seli nyeupe 200 unaangalia wadudu wangapi. Wakiwa wawili unazidisha kwa 40, maana inakadiriwa seli nyeupe 8,000 kwenye maikrolita moja ya damu, unapata wadudu 80 kwa maikrolita, na hiyo maikrolita ni katone kadogo tu kama kichwa cha pini. Mtu mzima ana kama lita tano za damu. Piga hesabu mwenyewe, inafika kama milioni 400. Maliza dozi.

Nimemaliza mseto, ile dawa ya malaria, wiki iliyopita, nikaenda kupima kwingine bado inasoma pozitivu. Nianze tena?

Umepimwa na kile cha haraka, cha kaseti, cha kusubiri robo saa mistari itokee? Basi tulia kwanza. Kile mara nyingi hakimtafuti mdudu mwenyewe, kinatafuta protini anayoitoa, na hiyo protini inabaki kwenye damu wiki mbili mpaka mwezi na zaidi hata baada ya wadudu wote kufa. Kama umepona na unakula vizuri huna haja ya kupima tena "kuhakikisha". Kama homa imerudi kweli sema umemaliza dawa lini, upimwe kwa darubini, maana pale tunaona mdudu mwenyewe.

Kila nikienda naambiwa taifodi. Mwaka huu mara ya nne. Ni kweli au biashara?

Hapa naomba nikae kidogo maana hili linaniudhi hata mimi.

Kipimo kinachotumika sana mtaani ni Widal, kimeanza 1896 huko Ufaransa. Wanachukua damu yako, wanachanganya na matone ya dawa kwenye kioo, wanatikisa, wanaangalia kama inaganda vidoti vidoti. Kinachopimwa pale ni askari wa mwili wako, sio bakteria mwenyewe wa taifodi. Sasa hao askari wanaweza kuwepo kwasababu uliugua miaka ya nyuma, au ulichanjwa, au umepata bakteria ndugu zake ambao sio wa taifodi, na hata malaria yenyewe inaweza kukivuruga hicho kipimo. Kwenye nchi kama yetu ambako watu wanakutana na hawa wadudu tangu utotoni, ukiwapima Widal watu wazima waliokaa tu stendi wanasubiri gari, hutokosa wa kuwapa cheti cha taifodi. Ndo maana ile "malaria mbili na taifodi" imekuwa kama salamu.

Kipimo cha kuaminika ni kuotesha damu. Unatolewa damu kabla hujaanza antibayotiki, inawekwa kwenye chupa yenye chakula cha bakteria, inakaa kwenye joto kama la mwili, tunasubiri siku kadhaa kama kuna kitakachoota. Akiota tunamjua kwa jina na tunajaribu dawa juu yake kuona ipi inamuua na ipi anaichekea. Shida ni kwamba sio kila zahanati inafanya, kinachukua siku, na bei yake sio ya Widal. Hilo silifichi. Lakini mtu akikudunga sindano za siku saba kwa Widal moja tu, muulize kwa upole, "dokta, hakuna uwezekano wa kuotesha?" Sio dharau. Na usiache dawa ulizopewa kwasababu umesoma hapa, ongea naye kwanza, maana taifodi ya kweli ipo na inatoboa utumbo.

Hizo antibayotiki za mara nne kwa mwaka hazipotei bure, zinawafundisha bakteria wa tumboni mwako kuzikwepa, halafu unawagawia wenzio nyumbani.

Kuna mashine nimeona sokoni, unashika tu kifimbo inatoa majibu ya mwili mzima, figo, ini, mifupa. Vipi hiyo?

Hapana. Figo inapimwa kwa damu na mkojo, hakuna figo inayopimwa kwa kushika kifimbo. Umeona wenyewe wanavyomaliza: kila mtu ana sumu mwilini na kila mtu anauziwa virutubisho.

Mbona mnachukua damu nyingi hivi, vichupa vitatu?

Vyote vitatu havifiki hata kikombe kidogo cha kahawa. Cha kifuniko cha zambarau kina dawa ya kuzuia damu isigande, hicho ni cha kuangalia seli, chekundu tunataka igande tupate maji yake ya juu. Ukichanganya majibu yanaharibika ndo maana vinatenganishwa. Na hatuuzi, jamani.

Nimepeleka makohozi wamenirudisha, wanasema ni mate. Tofauti yake nini?

Kubwa sana. Bakteria wa TB anakaa kwenye mapafu, mdomoni utampata kwa bahati tu. Fanya hivi: sukutua mdomo kwa maji, toka nje penye hewa (sio chooni, na sio ndani wanakolala watoto), vuta pumzi ndefu mara mbili tatu, halafu kohoa kutoka chini kifuani mpaka kitoke kitu kizito. Kinatosha kama kijiko kimoja kidogo. Ya asubuhi ukiamka ndo mazuri zaidi. Funga kopo vizuri, usipake nje.

Utaniuliza kwanini tunakazana hivyo. Kwa darubini ya kawaida, ili tumwone huyu bakteria lazima awepo kwa maelfu, yaani 5,000 mpaka 10,000 kwenye mililita moja. Mashine ya GeneXpert inamnasa hata akiwa mia moja na kitu, ndani ya saa mbili, na inasema papo hapo kama ni wa aina inayogomea rifampicin, dawa ya TB. Ila mashine nzuri namna gani, ukiipa mate itakupa majibu ya mate. Hata wale panya buku wanaofundishwa na shirika la Apopo pale Morogoro, ambao wananusa sampuli mia kwa dakika kama 20 na kuibua wagonjwa waliopita kliniki bila kuonekana, nao wanataka makohozi.

Na hapa ndo unaona kipimo sio cha mtu mmoja. Mgonjwa mmoja wa TB ya mapafu asiyejulikana anakaa na watu nyumbani, kwenye daladala, msikitini au kanisani. Tukimjua leo na akaanza dawa leo, wanaopona sio yeye tu, japo hao wengine hawatakuja kutushukuru maana hawajui.

Mtaani kwetu kuna kipindupindu, mama mkwe amelazwa hata hajapimwa, kapigwa dripu tu. Ni uzembe?

Sio uzembe, wamefanya sawa. Kipindupindu kinakausha maji mwilini kwa saa chache, hakisubiri sisi. Mlipuko unapoanza ndo tunapima hao wa kwanza kwa nguvu zote: kinyesi kinachukuliwa kwa pamba, kinawekwa kwenye chupa maalum ya kusafirishia ili bakteria asife njiani, kinaoteshwa kwenye sahani ya kijani, na kesho yake kama ndo yeye unakuta vidoti vya njano vimeota na kijani chote pembeni kimegeuka. Tukishathibitisha kwamba eneo hilo ni kipindupindu kweli, anayekuja anaharisha maji ya mchele anatibiwa tu. Tunaendelea kupima wachache kuangalia kama dawa bado inafanya kazi na kama mlipuko umeisha. Chenye haraka kuliko kipimo ni ORS (yale maji ya chumvi na sukari ya kunywa), na kujua kisima gani wanachota wote waliougua.

Kukitokea ugonjwa wa ajabu sampuli zinapelekwa Dar, majibu siku hazijulikani. Si mnaficha?

Naelewa kwanini mtu anahisi hivyo, ukimya unatisha kuliko habari yenyewe, na kwa maoni yangu serikali ikisema mapema "tumepima hiki na hiki bado tunaendelea" watu wangetulia. Ila angalia Ruangwa, Lindi, Julai 2022. Watu wana homa, kichwa, uchovu, damu inatoka puani, wagonjwa 20 na watatu wakafariki. Mitandaoni ilishakuwa Ebola. Sampuli zikapimwa Ebola, negativu. Marburg, ndugu yake Ebola, negativu. Korona, negativu. Hizo negativu tatu zilikuwa habari kubwa, kwasababu kila moja ilikuwa inafunga mlango mmoja. Mwisho ikaonekana ni homa ya mgunda, ile inayotokana na mkojo wa panya na wanyama wengine, unaingia kwa maji au udongo kwenye ngozi yenye michubuko. Inatibika kwa antibayotiki za kawaida kabisa kama ukiwahi. Fikiria tofauti ya maisha kati ya kijiji kinachoambiwa kina Ebola na kijiji kinachoambiwa vaeni viatu shambani na mfunike maji na chakula panya wasifikie.

Machi 2023 kule wilaya ya Bukoba, Kagera, mambo yakaenda upande mwingine, Maabara ya Taifa ya Afya ya Jamii ikathibitisha ni Marburg. Ugonjwa huo unaanza kama malaria tu, homa na kichwa. Hesabu iliishia watu tisa, mmoja kati yao hakuwahi kuthibitishwa kwa kipimo, na sita wakafariki, na tarehe 2 Juni ukatangazwa umeisha. Unatangazwaje umeisha? Mgonjwa wa mwisho akishatoka negativu, au akishazikwa, zinahesabiwa siku 42 bila mgonjwa mpya, mara mbili ya siku 21 ambazo kirusi kinaweza kujificha mwilini bila dalili. Watu wakasema wanachelewesha, kumbe wanahesabu.

Na sampuli kama hizo hazifunguliwi na mtu yeyote tu kwenye maabara yoyote tu. Zinafungwa matabaka matatu, kwenye ubaridi, maana anayepakia, dereva na anayepokea wote wana familia.

Majibu yangu anayaona nani?

Wewe na anayekutibu. Kinachopanda juu kwenye ripoti ni idadi, umri, jinsia na eneo unalotoka. Magonjwa machache ya hatari kama kipindupindu au Marburg taarifa yake inatakiwa ifike ndani ya saa 24 na hapo watakufuata nyumbani, kwasababu wanawatafuta waliokugusa. Mtu wa maabara akimwambia jirani yako majibu yako amevunja maadili ya kazi, mshtaki kwa mganga mfawidhi.

Choo kikubwa nikichukue usiku nije nacho asubuhi?

Hapana, cha usiku kaa nacho. Hasa kama unaharisha, amiba akiwa hai anatembea na tunamtambua kwa huo mwendo wake, akikaa nje ya mwili nusu saa tu anaanza kufa, na akishakufa anafanana na takataka nyingine zote. Njoo hapa, tutakupa kopo, choo kiko upande wa kushoto ukitoka. Usichanganye na mkojo wala maji, na usijaze kopo tafadhali, kijiko kimoja kinatosha.