Malipo kuonekana si uwazi

Siku hizi kila anayezungumzia kazi ya kupeleka oda kwa pikipiki hapa Malindi hana budi kulitaja neno uwazi. Redioni limo, kwenye mikutano ya waendesha boda limo, na vipeperushi vya kutafuta maraida wapya, yaani waendesha pikipiki wa kupeleka oda, vinalitanguliza: mfumo wetu una uwazi, kila kitu utakiona kwenye simu yako. Juzi nimelisikia tena kwa kijana mwenye kitambulisho cha kampuni shingoni, mbele ya watu waliokuwa wakiitikia kwa vichwa, nikaona heri niandike.

Maana kwanza, nisiwachoshe. Uwazi katika kazi inayopangwa na programu ya simu ni mfanyakazi kujua, kabla ya kazi na si baada yake, kanuni zinazompangia oda, malipo na adhabu. Kujua ni taarifa zipi zake zinazotumika. Na akiamuliwa jambo, aelezwe sababu na awe na mtu wa kumuuliza. Haki ni jambo jingine. Haki ni kanuni zenyewe kuwa za insafu.

Wanaochanganya hayo mawili nawasamehe, kwa kuwa mara nyingi huenda pamoja. Lakini mkataba unaweza kuandikwa kwa Kiswahili safi, bila kificho hata kidogo, ukasema kwamba mafuta ni juu yako, bima ni juu yako, tairi ni juu yako, na saa nzima ya kungoja piza itoke jikoni hailipwi. Hapo uwazi upo, insafu haipo. Na mwenye duka la dawa anayempigia simu boda wake wa siku zote, akampa nauli nzuri na cha chai juu yake, anatenda insafu bila kanuni yoyote iliyoandikwa. Siku duka likiuzwa, boda huyo hana pa kushika.

Nisilolisamehe ni kuita uwazi kule kuonyeshwa jumla. Oda ikiingia, skrini inaleta tarakimu, tuseme shilingi 140, na raida ana sekunde chache za kukubali au kuiacha ipite. Hiyo 140 imetoka wapi? Umbali uliohesabiwa ni wa kutoka mkahawani hadi kwa mteja tu, au umejumlisha na ule wa kutoka Kisumu Ndogo alikokuwa ameegesha hadi Casuarina kwenye chakula? Mteja akiwa Mayungu, safari ya kurudi tupu ni ya nani? Na kilomita zimepimwa kwa barabara, au kwa mstari ulionyooka kwenye ramani? Kwetu swali hilo lina uzito wake. Chora mstari kutoka mjini hadi Mambrui, utapita karibu na mdomo wa Mto Sabaki. Pikipiki haina njia hapo. Lazima ishike barabara ya Garsen, ivuke darajani, ndipo igeuke tena kuelekea pwani. Raida anayelipwa kwa mstari ule anachoma petroli ya bure, na kwenye skrini hakuna mahali palipoandikwa hivyo.

Kesho yake safari ile ile inaletwa kwa 110. Ameziona tarakimu zote mbili, hakufichwa hata moja. Alichofichwa ni sababu.

Mvuvi anayeshusha samaki bandani huuona mshale wa mizani sawasawa na mnunuzi, na hakuna anayedhani kwamba kuuona mshale kunatosha. Ndiyo maana sheria ya vipimo ya Kenya inataka mizani ya biashara ikaguliwe na maofisa na ipigwe mhuri. Mizani ya raida imo ndani ya programu, na aliyeikagua ni yule yule anayelipa.

Hapa huwa anatokea mtu wa kuniambia kwamba serikali imeshaweka kikomo cha komisheni. Kweli, kanuni za mwaka 2022 za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, zilisema kampuni za usafiri wa kuitana kwa programu zisimkate dereva zaidi ya 18%. Hizo ziliandikwa kwa ajili ya teksi na abiria, si masanduku ya chakula, lakini tuseme zingemhusu na raida wetu. 18% ya nini? Katika oda ya chakula, mteja analipa bei ya chakula, ada ya kupelekewa na pengine ada ya huduma. Mkahawa nao unakatwa komisheni yake kando. Raida anaona fungu lake tu. Mtu asiyejua nzima hawezi kujua kama amepewa robo au nusu, na kikomo, hata kiwe kizuri namna gani, kitabaki karatasini. Kwa hiyo ukiniuliza kipi kitangulie, nitasema uwazi utangulie, ingawa haki ndiyo inayonunua unga.

Kuna jambo jingine linaloniudhi zaidi. Ukiwasikiliza vizuri wanaosifu uwazi wa mifumo hii, utagundua wanasimulia jinsi raida anavyoonekana. Mteja anamwona kwenye ramani akikata kona ya Lamu Road. Mkahawa unajua atafika saa ngapi. Kampuni inajua mwendo wake, oda alizokataa, dakika alizosimama na nyota alizopewa. Yeye hajui ni nani aliyempa nyota mbili wala kwa kosa gani, hajui oda alizoziacha zinamharibia nini, na akifungiwa akaunti asubuhi anapata ujumbe wa mistari miwili usio na jina la mtu. Aliyewekwa wazi ni yeye. Huo ni ufuatiliaji, na huenda una faida zake, maana mteja naye ana haki ya kujua chakula chake kiko wapi. Ila tuuite kwa jina lake.

Madhara ya kutojua kanuni yalionekana vizuri Italia, na kwa mji kama wetu wenye Waitaliano kila mtaa, hadithi hii ingefaa iwe maarufu kuliko ilivyo. Kampuni ya Deliveroo, ya kupeleka chakula, ilikuwa na algoriti, yaani hesabu ya kompyuta inayojiamulia, iliyowapa maraida alama za kutegemeka. Mwenye alama za juu alichagua zamu mapema, wengine wakaokota makombo. Raida akikosa zamu yake bila kuifuta angalau saa 24 kabla, alama zilishuka. Mahakama ya Bologna, katika uamuzi wa Desemba 31, 2020, ilisema mfumo huo ulibagua, kwa sababu haukutofautisha aliyekosa kazi kwa ugonjwa, aliyekuwa kwenye mgomo halali na aliyelala tu. Wote waliadhibiwa sawa. Kampuni iliamriwa kulipa euro 50,000 kwa vyama vya wafanyakazi vilivyoshtaki, ingawa yenyewe ilisema mfumo ule ilikuwa imeshauacha.

Angalieni jambo moja hapo. Raida wa Bologna aliweza kujua kwamba ana alama, tena kwa tarakimu. Ilibidi kesi ifunguliwe ndipo izungumzwe hadharani kwamba mashine haiulizi kwa nini. Mpeleke raida huyo Malindi mwezi wa Ramadhani, oda za futari zikimiminika kabla ya magharibi. Adhana ikilia yeye anasimama kando ya barabara na maji na tende, oda tatu zinapita. Kwa mashine isiyouliza, huyo na aliyekuwa akicheza bao barazani ni kitu kimoja.

Wengine wameshaanza kuliandika hili katika sheria, nalipita haraka. Uhispania mwaka 2021 ilizilazimu kampuni kuwaeleza wawakilishi wa wafanyakazi vigezo ambavyo algoriti hutumia katika maamuzi yanayogusa kazi. Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo lake mwaka 2024, na nchi wanachama zimepewa hadi Desemba 2026 kuliingiza katika sheria zao. Humo, mtu asifukuzwe na mashine peke yake.

Na sisi si watupu. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019, kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutoamuliwa na mashine peke yake katika jambo linalomgusa kwa uzito. Ina milango yake ya kutokea, kwa mfano pale uamuzi unapohitajika ili mkataba ufanye kazi, au mwenyewe aliporidhia, na kile kitufe cha "nakubali" tunachobonyeza bila kusoma kinaweza kutumiwa kudai hivyo. Hata hivyo uamuzi wa namna hiyo ukishafanywa, kampuni inatakiwa imjulishe mhusika kwa maandishi, naye anaweza kuomba ufikiriwe upya kwa njia isiyo ya mashine tupu. Kifungu cha 26 kinampa pia haki ya kuziona taarifa zake walizonazo. Asiposikizwa, Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data hupokea malalamiko. Kwenye steji zetu sijamsikia hata mwenyekiti mmoja akikitaja kifungu hicho, na wale wa vipeperushi, bila shaka, hawana haraka ya kukitaja.

Basi yule kijana wa kitambulisho simlaumu, kapewa maneno akayasema, na sehemu ya aliyoyasema ni kweli. Ningemwomba tu, akirudi ofisini, awaambie wenzake waandike "malipo yanaonekana kwenye simu kabla ya kukubali oda". Hilo ni jambo jema, lipo, na halimdanganyi mtu. Neno uwazi waliweke kando kwanza, mpaka raida aliyelipwa 110 badala ya 140 aweze kuuliza kwa nini, na ajibiwe na mtu mwenye jina.