Je, wajua kwa nini ukuta wa nyuma ya mashine ya ioni huwa mweusi?

Kwa kinyozi mmoja hapa Kondele, Kisumu, kuna mashine hiyo, kisanduku cheupe kilichochomekwa kwenye soketi kando ya kioo. Mwenyewe huwaambia wateja kwamba kinaua virusi vya homa. Mimi kilichonivuta macho ni ukuta: rangi yake ni ya krimu, ila nyuma ya kisanduku pana doa jeusi, kama lile la juu ya koroboi.

Doa hilo ndilo kazi yenyewe. Ndani ya kisanduku mna ncha kali kama sindano, yenye umeme wa maelfu ya volti. Elektroni zikizidi kwenye ncha huruka na kudandia molekuli za hewa, mfano wa makanga na matatu inayoondoka. Molekuli iliyodandiwa ndiyo ioni hasi, nayo hushika vumbi, moshi na vitone vya mate tunavyotoa tukikohoa au hata tukipiga soga. Kirusi cha homa, chenye upana wa kama sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, husafiri humo. Kitone kikishapata chaji hakielei tena ovyo. Huvutwa ukutani kikanasa. Waliokua na televisheni za zamani zenye kisogo wanakumbuka jinsi kioo kilivyovuta vumbi.

Kwa hiyo kunasa kwanza, kuua baadaye, kama kupo. Mwaka 2015 watafiti wa Uswidi walijaribu mashine yenye bati la kunasia kwa simbilisi, wale wanyama wadogo wasio na mkia. Ilipowashwa, wote wanne waliokuwa wakipata hewa ya wenzao wenye homa hawakuambukizwa.

Lakini kizimba si chumba cha kinyozi chenye watu kumi wanaobishana kuhusu timu ya Gor Mahia. Ioni hazifiki mbali. Tena mashine nyingine hutoa ozoni, gesi yenye ile harufu kali inayosikika radi ikipiga karibu, na mwenye pumu haimfai. Upepo wa ziwani wa alasiri ungeibadilisha hewa ile yote bila senti, ila dirisha hufungwa kuzuia vumbi la barabarani.

Nilimuuliza kinyozi mara ya mwisho alifuta lini ile ncha, maana ikishika uchafu ioni hupungua. Akakigeuza kisanduku, akachungulia. “Kumbe kina sindano?”