Makala ya redio: yanayosemwa na yalivyo

Dhana: Sauti ikiharibika, mhariri ataitengeneza.

Ukweli: Imani hii imeua makala mengi. Sauti iliyopita 0 dB (desibeli, kipimo cha nguvu ya sauti; 0 ndiyo kikomo cha kinasa sauti) hupasuka, kwa kuwa kilele cha wimbi kimeshakatwa, na programu hubaki kubahatisha tu. Weka kiwango cha kurekodi ili vilele vicheze karibu na -12 dB, msemaji abaki na nafasi ya kucheka au kupaza sauti. Mwangwi nao ni king'ang'anizi: sebule ya vigae na kuta tupu ni mbaya kuliko kibaraza kilichozungukwa na migomba. Mvua ikianza kupiga bati, na Arusha haibishi hodi, simamisheni mahojiano.

Dhana: Penye kelele hapafai.

Ukweli: Kelele ndizo zinazompeleka msikilizaji mahali penyewe, ila zirekodiwe peke yake. Kwa mfano, kwa mkulima wa kahawa Kibosho, Kilimanjaro, mashine ya kumenyea izimwe wakati wa mahojiano. Mkimaliza, iwasheni uirekodi kwa dakika mbili: karibu, mbali, inapoanza, inapozimwa. Ikinguruma chini ya maneno, kila utakapokata, sauti yake itaruka. Kisha nyamazeni wote sekunde 60 na kurekodi utulivu wa shamba. Huo ndio utakaoziba mapengo ya uhariri. Muziki wa dukani ni balaa zaidi, maana mdundo hukatika pamoja na sentensi. Omba uzimwe au hameni.

Dhana: Bila maikrofoni ghali, huwezi.

Ukweli: Simu inatosha kuanzia. Iweke katika hali ya ndege, rekodi kwa WAV (faili la sauti isiyobanwa), ishike sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi za "p" na "b" zisiipige. Vaa visikizi muda wote.

Dhana: Mpelekee unayemhoji maswali mapema ajiandae.

Ukweli: Mpe mada tu, la sivyo atakusomea majibu. "Bei imeshuka?" huzaa "ndiyo", wakati "Nieleze ulivyouza mavuno ya mwisho" huzaa habari. Kama swali lako litakatwa, mwombe ajibu kwa sentensi kamili.

Kazi ngumu ni kuitikia. Zile "eeh" na "mmh" zako zikipanda juu ya maneno yake hazitoki tena. Lakini mzee asiyeitikiwa huona amepuuzwa na hufupisha maneno. Baada ya shikamoo, mweleze kabisa: "Mzee, nitakuwa naitikia kwa kichwa tu, mashine isichanganye sauti zetu." Kisha mtazame usoni, siyo kwenye karatasi.